Bakuli la Meneja

Jumatatu, 2 Februari

Joto limeanza, na mimi joto likinipanda mdomo unakosa breki. Msimu kama huu mwaka jana niligombana na wateja wawili, jirani yetu anayepaka rangi nyumba za watu, na wifi yangu, wote ndani ya wiki moja. Safari hii mume wangu kaniwahi. Kaniletea daftari, akasema, "Kila kinachokuja mdomoni kiandike humu kwanza. Kikibaki na maana kesho yake, ndiyo ukiseme." Mjanja sana. Basi naandika.

Leo limetokea jambo dogo lakini limenikaa rohoni. Sisi tunatengeneza mafriji. Karakana na nyumba viko ua mmoja, ukitoka chumbani na usingizi unajigonga kwenye friji la mtu. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi namwita hivyo, anashughulika na mitambo: gesi, kompresa, nyaya. Mimi nashughulika na milango: mpira, bawaba, kutu, rangi. Friji likipona halitoki getini mpaka lifanye mtihani. Jioni tunaweka bakuli la maji kwenye friza lake, na asubuhi maji yakiwa jiwe, limefaulu. Kwa hiyo kila asubuhi tunakuwa na barafu mpaka hatujui pa kuipeleka.

Kipande kimoja huwa cha Meneja. Huyo ni mbwa wetu, jibwa jeusi lenye manyoya mazito utadhani kavaa koti, tuliachiwa na mteja aliyehama. Tulimwita Meneja kwa sababu hakuna friji linaloingia bila yeye kulinusa pande zote kwanza. Fundi humtumbukizia barafu kwenye bakuli lake la maji, naye huilamba huku mkia unafagia sakafu.

Leo Mama mkwe aliona. Amehamia kwetu tangu mguu wake uanze kumsumbua, na kiti chake kiko barazani, panapoonekana kila kitu. Akasema, "Utamuua huyo mbwa."

Wala hakupaza sauti. Na Fundi, mume wangu huyu huyu ambaye hubishana na watu wa umeme mpaka wanaondoka bila kuaga, aliinama, akaitoa ile barafu kwa mkono, akaitupa kwenye maua. Mimi nilibaki nimeshika msasa, namwangalia.

Jumanne, 3 Februari

Mipira ya milango mitatu. Sijamgombeza mtu.

Ijumaa, 6 Februari

Mama kageuka mlinzi wa bakuli. Kiti kimesogezwa hadi kwenye ngazi ya baraza, fimbo imelazwa mapajani, na macho hayabanduki kwa Meneja. Ananieleza wakati nakwangua kutu: mbwa akiwa amechemka, ukimpa kitu cha baridi, tumbo linashtuka, utumbo unajifunga, kwisha habari yake.

"Mama, nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Niliona."

Anasema hivyo huku mkononi ana glasi ya maji ya friji, vipande vya barafu vinagongana ndani. Nikamwonyesha glasi kwa kidole.

"Mimi si mbwa," akajibu, akanywa.

Nilicheka, lakini moyoni nilisema mama huyu anapenda tu kutawala. Alianza na jiko langu, ikaja kamba ya nguo, sasa ni mbwa. Nimeliandika ili nisiliseme.

Jumapili, 8 Februari

Leo nimejua kitu ambacho mke alipaswa kukijua zamani.

Wifi yangu alikuja kula. Yeye, kama ndugu wote wa upande ule, hamwiti kaka yake Fundi. Wanamwita Barafu. Miaka yote ya ndoa yetu nimeamini jina limetokana na kazi. Nani asingeamini? Mtu anashinda na mafriji.

Tukiwa mezani wifi alimwona Meneja kalala mlangoni anahema, akasema, "Huyu mbwa ana kiu." Mama akadakia, "Asipewe tu barafu na huyo," akamwelekezea mwanawe kidevu, na wifi akaanza kucheka kabla hadithi haijaanza. Kumbe ni hadithi ya siku nyingi. Kila harusi, kila msiba, Mama huisimulia.

Walikuwa na mbwa anaitwa Askari. Mume wangu alikuwa na miaka tisa. Siku moja ya jua kali alikimbia na Askari tangu mtoni hadi nyumbani. Walipofika alimwonea huruma mbwa, akaenda kwenye friji la baba yake, akajaza beseni maji na barafu yote iliyokuwepo. Askari akanywa, akaanguka hapo hapo, akafa. "Tangu siku hiyo," Mama akamalizia, "tukamwita Barafu. Aliua mbwa mzima kwa beseni!" Wifi akapiga meza kwa kicheko.

Fundi naye alicheka. Namjua, alicheka kwa mdomo tu. Kisha akasema anakwenda kuangalia gesi kwenye friji ambalo gesi yake ilijazwa jana.

Nilimfuata. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema, "Niambie nini? Ni kichekesho cha nyumbani." Akafunga parafujo ambayo ilikuwa imefungwa. Baadaye, bila kuniangalia, akasema, "Nilikuwa nimemshika kichwa. Aliniangalia mpaka mwisho."

Nina hasira na Mama. Sitaki kuificha, hasa humu. Mtoto wa miaka tisa unampa jina la kosa lake, halafu unamwita nalo mpaka anaota mvi!

Jumatano, 11 Februari

Wamefanya mkataba bila kunishirikisha. Maji ya Meneja sasa ni kazi ya Mama, na Fundi hagusi bakuli. Mama ana utaratibu wake. Asubuhi anajaza ile sufuria yangu kuukuu iliyojaa masizi, anaiweka kwenye ngazi inapopigwa na jua, "ubaridi utoke". Bakuli la zamani kalifungia kabatini.

Nilimwona Meneja akaenda, akanusa, akalamba mara moja, akarudi zake getini. Mama akasema, "Unaona? Kakata kiu mara moja. Maji ya vuguvugu yanashibisha."

Mimi nilikuwa na mteja analalamika kwamba mlango wa friji lake haufungi. Nilibana karatasi mlangoni mbele yake, nikaivuta, ikakataa kutoka. Mpira mzuri unashika karatasi. Friji halifungi kwa sababu amelijaza kama basi la mwisho. Nilimwambia hivyo, kwa upole zaidi kidogo.

Jumamosi, 14 Februari

Dereva aliyeleta friji la duka la dawa alimmiminia Meneja soda iliyobaki kwenye chupa. Meneja kaifakamia yote, akatoa mbweu iliyosikika mpaka ndani. Nikamwangalia Mama nikisubiri vita.

"Haikuwa ya baridi," akasema. "Haina shida."

Jamani.

Jumatatu, 16 Februari

Joto la kuchosha. Rangi inakauka kabla haijafika kwenye mlango. Fundi haongei sana.

Jumatano, 18 Februari

Nataka kuandika ilivyokuwa kabla kila mtu hajaanza kuisimulia kwa namna yake.

Saa saba mchana. Lilikuja friji getini na Meneja hakuinuka kulinusa. Hilo ndilo lililonishtua. Nikamwita, akajaribu kusimama, miguu ya nyuma ikaenda upande wake. Alipiga hatua kama za mlevi, akatapika povu, akalala. Nilipomfikia ulimi ulikuwa umening'inia, fizi nyekundu iliyokolea, mate mazito yanavutika hadi chini, na mwili unachoma. Nasema unachoma, niliondoa mkono.

Mama alishasimama. "Nani kampa barafu?"

"Hakuna aliyempa," Fundi akasema.

"Nani kampa barafu, nauliza!"

"Sijampa, Mama. Wallahi sijampa."

Mtu mzima, mwenye karakana yake, anaapa kama aliyekamatwa na sukari mdomoni. Na nilimwona Mama usoni, hakumwamini.

Nikapiga simu kwa daktari wa mifugo. Namba yake tunayo kwa sababu friji lake la chanjo lilitengenezwa hapa, mlango niliufunga mimi. Ni binti mdogo lakini haongei ovyo. Nikamweleza, akauliza maswali mawili, akasema: mtoe juani sasa hivi. Mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni, kwapani na kwenye nyayo, na mpepeeni bila kuacha. Akiweza kumeza mwenyewe mpeni maji kidogo kidogo, msimlazimishe. Halafu mleteni.

Tukamburuta hadi kivulini. Nikafungua bomba, na maji ya tangi letu la juu ya paa yakatoka moto wa kuogea mtoto mchanga. Nikarudi kwenye simu. "Daktari, maji ni ya moto!"

"Basi tieni barafu kwenye ndoo yapoe. Si nyie mna barafu?"

Kama tunayo! Mafriza sita yalikuwa yamefaulu mtihani asubuhi, na mabakuli bado yalikuwamo. Nikampigia kelele Fundi afungue. Alikuwa karibu kabisa, mkono uko juu ya mlango wa friza, na hakufungua. Alisimama tu.

"Usifungue," Mama akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ile ile ya siku ya kwanza. "Mwanangu, usifungue. Utamuua."

Daftari lote hili la kujizuia halikunisaidia kitu. Nilisema, "Fundi, fungua hilo friza, la sivyo nitalifungua kwa kichwa changu! Na wewe Mama, nakuheshimu, lakini kaa chini!"

Sijawahi kusema naye hivyo. Alikaa. Fundi alimwangalia mama yake, wala hakuniangalia mimi. Kisha akafungua.

Bakuli la kwanza liligoma kutoka, akaligonga sakafuni likapasuka pamoja na barafu yake. Tulitia vipande kwenye ndoo, nikakoroga kwa mkono mpaka maji yakawa ya baridi ya kawaida, tukaanza kummwagia. Tumbo, kwapa, nyayo. Fundi alileta feni ya mezani na waya mrefu. Tulimwagia na kupepea, kumwagia na kupepea. Mwishowe Meneja akageuza kichwa kuelekea kwenye ndoo. Nikachota maji kwa kiganja nikamsogezea. Akalamba. Fundi akafumba macho, sijui alikuwa anasubiri nini kitokee.

Hakikutokea kitu. Meneja akalamba tena.

Tulimpakia kwenye pikipiki ya mizigo, ile ya magurudumu matatu tunayobebea mafriji, juu ya magunia tuliyoyalowesha. Kabla hatujaondoka Mama alikuja na fimbo yake, akaweka mguu mbovu juu ya chuma na kusema, "Nipandisheni." Nikasema Mama, huko nyuma hapakaliki. Akasema, "Nimesema nipandisheni." Njia nzima alikaa kwenye magunia yaliyolowa, gauni limegandamana mwilini, kichwa cha Meneja kiko mapajani mwake, anampepea kwa boksi la balbu. Mimi nilikaa mbele na Fundi.

Kwenye mteremko, kelele za injini zikiwa kubwa, Fundi akaniambia, "Huyu akifa nitakuwa nimeua wawili."

Nikamshika goti.

Alhamisi, 19 Februari

Yu hai! Naandika kwa herufi za kawaida lakini moyoni ni kubwa. Yu hai, kalala na dripu mguuni, na alipotuona leo asubuhi mkia ulisogea. Fundi aliingia chumba cha nyuma kukaa naye, akasema atatoka baada ya dakika mbili, na hakutoka.

Mimi na Mama tulibaki na daktari kwenye chumba cha mbele. Daktari akauliza, "Siku hizi anakunywa maji gani?"

Mama akanyoosha mgongo, akaeleza sufuria yake, ngazi, jua, na jinsi alivyohakikisha hakuna baridi hata kidogo. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza taratibu, "Bibi, hayo maji saa sita mchana wewe ungeyanywa?"

Mama akafikiri. Ni mtu mkweli, lazima nimpe hilo. "Ningeyaogea."

"Ndiyo maana naye hakuyanywa. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na kila akihema anapoteza maji. Huyu ana manyoya mengi, kashinda na kiu siku kadhaa, halafu jua la jana likammalizia."

Nilitaka kucheka na kulia. Nyumba yenye mafriza sita ya barafu, na mbwa nusura afe kwa kiu mbele ya maji ya moto!

Mama akasema, "Lakini maji ya baridi yanafunga utumbo."

"Hapana, bibi. Wengi wanaamini hivyo, lakini maji ya baridi hayaui mbwa. Hata kipande cha barafu akilambe tu. Cha kuzuia ni kufakamia mengi kwa mkupuo, hasa akitoka kukimbia, yawe ya baridi au ya moto. Apumzike kwanza, anywe kidogo kidogo. Na msimpe vinywaji vyenu. Soda, chai, kahawa, pombe, juisi za madukani, hivyo vya baridi na vya moto vyote havimfai."

Niliikumbuka ile mbweu nikatazama chini.

Mama alisugua kichwa cha fimbo kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Tulikuwa na mwingine. Zamani." Akaisimulia. Mtoni, beseni, barafu. Safari hii hakuisimulia kama kule mezani, na alipofika mwisho hakuna aliyecheka.

Daktari akauliza, "Alipofika nyumbani, kabla ya kunywa, alikuwaje?"

"Anahema."

"Alikuwa anatembea vizuri?"

Nilimwona Mama anarudi kwenye ua ule, miaka yote ile nyuma. "Alikuwa anayumba," akasema. "Nilikuwa dirishani. Nilidhani wanacheza. Mate yalikuwa yanaburuzika chini, kama ya huyu jana."

"Mimi sikumwona, kwa hiyo siwezi kula kiapo," daktari akasema. "Lakini kwa unavyonieleza, huyo mbwa alishakuwa anakufa kabla hajagusa beseni. Jua na mbio ndivyo vilivyomuua. Na huyo mtoto aliyekimbilia barafu alikuwa anajaribu kumwokoa. Nyumba nzima ni yeye pekee aliyeona kwamba mbwa anaungua."

Mama machozi yalimtoka, akayafuta kwa kitambaa cha kichwani, akayafuta tena. Nami niliyemwandikia maneno makali humu nilijikuta nimemshika bega.

Tulipoinuka akanishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Ijumaa, 20 Februari

Meneja karudi! Kashushwa kwenye pikipiki, kanusa friji moja lililokuwa karibu, kalala. Bakuli lake limetolewa kabatini, liko kivulini, maji mapya. Mama kayaweka mwenyewe.

Hajasema.

Jumamosi, 21 Februari

Hajasema.

Jumatatu, 23 Februari

Nampa Mama kila nafasi. Nawaacha wawili barazani, najifanya nakwenda dukani kununua msasa ninao. Narudi, wanazungumzia bei ya vitunguu. Fundi anafanya kazi vizuri, anakula vizuri, lakini akipita karibu na bakuli la mbwa anapita kwa mbali, kama kuna nyaya zisizofunikwa. Anaamini Meneja kapona kwa bahati. Nimemwambia alichosema daktari kuhusu maji ya baridi, hilo sikukatazwa. Akasema, "Mh." Hilo jingine nimelibana tu mdomoni. Niliahidi. Nani aliniambia niahidi?

Alhamisi, 26 Februari

Leo nilipasuka, lakini kwa sauti ya chini.

Asubuhi friji la duka la dawa lilifaulu mtihani. Fundi alitoa barafu, akavunja, akabaki na kipande kidogo mkononi. Meneja akamwangalia. Fundi akaliendea bakuli, akasita, akageuka kumtazama Mama barazani. Mvi zote zile kichwani, na bado anaomba ruhusa.

Mama akasema, "Mpe."

Basi. Neno moja. Barafu ikaingia bakulini, mkia ukaanza kufagia, na Mama akaendelea kuchambua mchele. Nikadhani ndiyo imeishia hapo, kwamba hilo "mpe" ndilo malipo ya miaka yote. Alipoingia jikoni na ungo wake nikamfuata.

"Mama, nimechoka kubeba lako. Utamwambia lini?"

Hakukasirika. Aliweka ungo chini. "Mwanangu, unadhani naogopa kumwambia?"

"Ndiyo."

"Naogopa, kweli. Lakini si hilo tu." Akajifuta mikono. "Nilimwambia wapi kwamba aliua? Jikoni? Nilisema harusini. Nilisema mbele ya wakwe. Nilisema siku ya kumzika baba yake, ili watu wacheke kidogo. Sasa nimvute pembeni nimnong'oneze, halafu huko nje aendelee kuwa Barafu? Subiri Jumapili. Wote wanakuwa nyumbani, wanapokea simu."

Mwezi mzima nimejaza daftari kwamba huyu mama anapenda tu kutawala. Nikamsaidia kuchambua mchele.

Jumapili, 1 Machi

Baada ya chai Mama alitoka barazani na simu yake na chaja, akaketi. Fundi alikuwa uani, kainama nyuma ya friji la jirani, kalifungua mgongo. Hafanyi kazi Jumapili, lakini jirani alilia sana.

"Wewe baki hapo hapo," Mama akamwambia. "Endelea na kazi yako, ila usiwashe mashine."

Fundi akaniangalia. Nikainua mabega kama nisiyejua kitu.

Mama hajui kuzungumza na simu sikioni. Huiweka mapajani, spika wazi, na kuinamia. Akaanza na wifi yangu.

"Mama, shikamoo. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Ile hadithi ya Askari."

"Ya Barafu?" Wifi akaanza kucheka.

"Usicheke. Nilikosea. Mbwa yule aliuawa na jua. Daktari kanieleza. Alikuja nyumbani anakufa tayari, nami nilimwona dirishani sikujua. Kaka yako alimpa maji, na kumpa maji ndicho nilichopaswa kufanya mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Na hilo jina likome."

"Lakini Mama, tumeshalizoea."

"Mlizoeshwa na mimi. Sasa naizoesha midomo yenu vingine. Wasalimie watoto."

Akakata, akatafuta namba nyingine. Mjomba wao. Binamu wa mjini. Mke wa marehemu kaka yake Mama. Kila mmoja alielezwa maneno yale yale, jua, mbio, dirisha, beseni, na kila mmoja alikatazwa jina. Mjomba alitaka kubisha kuhusu maji ya baridi, Mama akamwuliza yeye kasomea wapi mbwa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nyuma ya friji hakusikiki tena sauti ya bisibisi.

Sikwenda kumwangalia. Niliona viatu vyake tu. Meneja alikwenda, akazunguka friji, hakurudi.

Wa mwisho alikuwa shangazi yao mkubwa, dada wa baba mkwe, ambaye masikio yamechoka siku nyingi.

"Wifi! Yule mbwa Askari!"

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Askari, mbwa! Nasema mtoto hakumuua!"

"Mtoto kamuua nani?"

"HAKUMUUA!" Mama alisimama kabisa, mguu mbovu na yote, kaishika simu mbele ya uso kwa mikono miwili. Yule jirani anayepaka rangi akachungulia juu ya ukuta. Wapita njia wawili walisimama getini. "NASEMA MWANANGU HAKUMUUA! ALIKUWA ANAMWOKOA! NI MIMI NILIYEKOSEA!"

Halafu sauti ya shangazi, nyembamba, ikasema, "Sasa kwa nini unapiga kelele? Nilijua. Mtoto yule alikuwa mpole." Akakata.

Mama akakaa. Alikuwa anahema kama katoka mbio mwenyewe. Hakumwangalia mtu, alitazama simu tu.

Fundi akatoka nyuma ya friji. Macho mekundu, vumbi shavuni, na katikati ya vumbi njia mbili za maji. Alikuja hadi kwenye ngazi, akakaa chini miguuni pa mama yake, mahali ilipokuwa inawekwa ile sufuria, nami nikajua sasa atalia au atasema jambo zito.

"Mama," akasema, "mpigie tena Shangazi. Nadhani hajasikia vizuri."

Mama akamtazama. Kisha akaichukua simu, akapiga tena.